Kuadhimisha Krismasi kama Kipindi Kizima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanafuata zaidi kalenda ya Kanisa Katoliki la Kilatini. Pale ambapo Waanglikana, Walutheri, Waorthodoksi au makanisa mengine wanafanya tofauti, tumesema. Noeli na Krismasi tumeyatumia kwa maana ileile.

Kipindi cha Noeli kinaanza lini na kuisha lini?

Kinaanza kwa Masifu ya Jioni (sala rasmi ya Kanisa ya jioni) ya tarehe 24 Desemba na kuisha kwa sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, ambayo kwa kawaida ni Dominika (Jumapili) inayofuata tarehe 6 Januari. Ndiyo maana urefu wake haufanani kila mwaka: ukihesabu kuanzia tarehe 25, hupata siku 14 hadi 20. Noeli ya mwaka 2026, kwa mfano, itaisha tarehe 10 Januari 2027, yaani siku 17.

Majilio hayamo katika hesabu hiyo. Hayo ni maandalizi, yana rangi yake, masomo yake na nyimbo zake. Anayeyachanganya mawili haya hujikuta amesherehekea wakati wa kungoja, kisha akanyamaza wakati wa kusherehekea.

Mbona basi watu husema Noeli ina siku kumi na mbili?

Ni hesabu ya zamani ya siku zilizo kati ya Noeli na Epifania, sikukuu ya Mamajusi kumtembelea Mtoto Yesu. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Tours wa mwaka 567 ulizitambua siku hizo kuwa za sikukuu. Ukianza kuhesabu tarehe 25 Desemba, siku ya kumi na mbili ni tarehe 5 Januari. Ukianza tarehe 26, ni tarehe 6. Hesabu zote mbili zinatumika, na hakuna sababu ya kugombana juu yake.

Na tarehe 2 Februari inaingiaje?

Hiyo ni sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya 40 tangu Noeli, inayofuata simulizi la Luka 2:22-40. Ndipo mishumaa hubarikiwa. Kabla ya marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969, mambo mengi ya Noeli yalifika hadi siku hiyo, na Waanglikana wengi bado huifanya kuwa mwisho wa msimu. Kwa Wakatoliki wa leo kipindi rasmi kimekwisha wakati huo, lakini hakuna anayekatazwa kuacha pango (sanamu za kuzaliwa kwa Yesu) nyumbani hadi tarehe 2 Februari.

Nitajuaje Majilio yanaanza tarehe ngapi?

Tafuta Dominika ya mwisho kabla ya tarehe 25 Desemba. Hiyo ni Dominika ya nne ya Majilio. Rudi nyuma majuma matatu, umefika Dominika ya kwanza. Siku zote itaangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Mwaka 2026 ni tarehe 29 Novemba. Mwaka 2027 ni tarehe 28 Novemba. Mwaka 2028 ni tarehe 3 Desemba.

Ikiwa Noeli yenyewe ni Dominika, usiihesabu. Dominika ya nne ni ile ya tarehe 18. Hapo ndipo wengi hukosea. Matokeo yake Majilio huwa na siku 22 yakiwa mafupi kabisa, na 28 yakiwa marefu kabisa, tofauti ambayo ina maana kubwa kwa mishumaa na kalenda za nyumbani, kama utakavyoona hapa chini.

Tarehe 25 inanikuta nimechoka tayari. Nitawezaje kuendelea hadi Januari?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake halimo katika kuongeza shughuli. Kinachosaidia ni kuhamisha. Andika orodha ya yote unayoyafanya kwa ajili ya Krismasi kuanzia mwanzo wa Desemba: karamu za kazini, mikutano ya jumuiya, kutembelea ndugu, zawadi, kadi, kupamba, mikesha ya nyimbo. Kisha uliza juu ya kila moja: je, lazima lifanyike kabla ya tarehe 25? Kupamba hori, kuungama, kujifunza nyimbo, kununua chakula cha siku yenyewe: ndiyo. Kutembelea shangazi, karamu ya kikundi, kutuma salamu kwa marafiki wa mbali: hapana, hata kidogo. Hayo yote yanaweza kwenda kati ya tarehe 26 Desemba na 6 Januari bila kupoteza maana, tena yanafaa zaidi huko.

Kwa mwaka wa kwanza hamisha mambo mawili au matatu tu. Familia inayojaribu kubadilisha kila kitu kwa mara moja hukutana na upinzani, hasa wa watoto, na mwaka unaofuata inarudi ilikotoka. Tangaza mabadiliko mapema, kabla ya Dominika ya kwanza ya Majilio, maana mtu aliyezoea kualikwa tarehe 20 Desemba akikosa mwaliko hudhani amesahauliwa.

Kipimo kizuri kwa siku za baada ya tarehe 25 ni jambo moja dogo kwa siku, lisilozidi dakika 15: wimbo mmoja mbele ya pango, somo fupi, simu moja. Siku kubwa ziwe tatu tu: tarehe 25, tarehe 1 Januari na Epifania.

Je, ni kosa kuimba nyimbo za Krismasi kabla ya tarehe 24?

Kufanya mazoezi si kosa. Bila hayo kwaya haitaimba. Katika ibada, nyimbo za Noeli hungoja usiku wa tarehe 24. Majilio yana nyimbo zake, na yana jambo moja ambalo wanakwaya wengi hulichanganya na Kwaresima: Aleluya inabaki. Kinachoachwa katika Dominika za Majilio ni wimbo wa Utukufu (Gloria). Unaimbwa tarehe 8 Desemba, sherehe ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, kisha unanyamaza hadi Misa ya mkesha wa Noeli.

Nyumbani hakuna sheria. Ushauri wetu ni kuacha walau nyimbo tatu nne ambazo hazisikiki kabisa hadi mkesha. Redio na maduka hutazizuia, lakini simu yako unaweza.

Taji la Majilio linatengenezwaje?

Duara la majani mabichi na mishumaa minne: mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Wengine huweka wa tano, mweupe, katikati, unaowashwa mkesha wa Noeli. Waanglikana na Walutheri wengine hutumia mishumaa ya buluu, au yote myekundu. Desturi yenyewe ina asili ya Kilutheri: Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Hamburg, mwaka 1839 aliwawekea watoto aliowalea gurudumu lenye mishumaa mikubwa minne ya Dominika na midogo kwa siku za katikati.

Juma la kwanza unawasha mmoja wa zambarau, la pili miwili, la tatu unaongeza ule wa waridi, la nne yote. Waridi ni wa Dominika ya tatu, ile ya furaha. Mara nyingi watu huuwasha wa mwisho kwa sababu ndio wa pekee, si sahihi.

Sasa tatizo lenyewe: mshumaa wa kwanza huisha kabla ya Noeli. Fanya hesabu. Ukiwasha dakika 20 kila jioni katika Majilio ya siku 28, mshumaa wa kwanza utawaka jumla ya dakika 560, yaani zaidi ya saa tisa. Wa pili utawaka saa 7, wa tatu saa 4 na dakika 40, wa nne saa 2 na dakika 20. Kwa hiyo nunua mishumaa minene inayoweza kuwaka saa 10 au zaidi, au punguza muda hadi dakika 10 za sala ya mezani. Ukiwa na mishumaa myembamba tu, nunua miwili ya ziada ya zambarau na ubadilishe katikati ya safari.

Pindi nyingine taji huharibika kwa moto. Majani yaliyokatwa hukauka ndani ya juma moja au mawili, na majani makavu hushika haraka. Simamisha kila mshumaa katika kikombe cha chuma au cha udongo, si moja kwa moja kwenye majani. Weka taji juu ya sinia, mbali na pazia na njia ya upepo; upepo hufanya nta imwagike upande mmoja na mshumaa kuinama. Punguza utambi ubaki kama milimita 6 kabla ya kuwasha. Badilisha majani angalau mara moja, karibu na Dominika ya tatu. Usiondoke chumbani taji likiwaka.

Usipopata mishumaa ya zambarau, tumia myeupe na ufunge utepe wa rangi kwenye kikombe. Usiufunge kwenye mshumaa wenyewe.

Kalenda zenye milango 24 zinahesabu Majilio?

Zinahesabu Desemba. Huanza tarehe 1 kwa sababu ya uchapaji: kalenda ya aina hiyo inaweza kutumika mwaka wowote. Ni nzuri kwa watoto. Lakini zina kasoro moja, nayo ni kwamba mlango wa mwisho ni tarehe 24, na mtoto anaelewa kwamba hadithi imekwisha. Tengeneza bahasha 12 za ziada za tarehe 26 Desemba hadi 6 Januari, kila moja na mstari wa Biblia au kazi ndogo ya siku hiyo. Hiyo peke yake inabadilisha mtazamo wa nyumba nzima.

Mti wa Yese ni nini?

Ni tawi au mchoro wa mti ambao kila siku hutundikwa alama moja ya historia ya wokovu, kuanzia uumbaji hadi Yusufu na Maria. Jina linatokana na Isaya 11:1, chipukizi litokalo katika shina la Yese. Alama zinazochapishwa mara nyingi ni 28, na hapo ndipo mtu hukwama mwaka wa Majilio mafupi: siku ni 22, alama zimebaki sita. Chagua 24 na uanze tarehe 1 Desemba, au siku za Dominika na siku nyingine mbili utundike mbilimbili.

Pango la Noeli liwekwe lini, na Mtoto awekwe lini?

Linaweza kuwekwa wakati wowote wa Majilio, lakini hori liwe tupu. Mtoto huwekwa usiku wa tarehe 24, na katika familia ni kazi ya mdogo kuliko wote. Sanamu nyingine nazo zina wakati wake. Wachungaji hawakuwa pangoni. Walikuwa kondeni, nao walifika baada ya kuambiwa na malaika. Waweke mbali kidogo hadi usiku huo. Mamajusi waanzie chumba kingine kabisa, juu ya kabati au dirishani, na kila siku kuanzia tarehe 25 wasogezwe hatua moja, wafike tarehe 6 Januari. Watoto hawasahau kuwasogeza. Wazazi ndio husahau.

Kabla ya kununua seti, angalia kama Mtoto anatoka horini. Nyingi za bei nafuu zimeunganishwa, na hapo mpango wote unavurugika. Suluhisho rahisi ni kufunika hori kwa kitambaa hadi mkesha. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu iepuke sanamu ndogo zinazoingia mdomoni.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa desturi hii ni Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeandaa hori lenye nyasi, ng'ombe na punda huko Greccio, Italia, usiku wa Noeli mwaka 1223. Hapakuwa na sanamu ya Mtoto iliyoelezwa kuwa sehemu ya maandalizi yake. Hori na wanyama vilitosha.

Mti wa Krismasi upambwe lini?

Ikiwa ni mti mbichi uliokatwa, hili si suala la ibada tu, ni suala la maji. Mti uliopambwa mwishoni mwa Novemba unakuwa mkavu kabla ya Epifania, na mti mkavu wenye taa za umeme ni hatari. Ulete kati ya tarehe 17 na 24 Desemba. Kata tena sentimita 2 au 3 za shina kabla ya kuuweka majini, maana utomvu huziba sehemu iliyokatwa na mti hauwezi kunywa tena. Siku ya kwanza hunywa maji mengi kuliko siku nyingine zote. Hakikisha kina hakishuki chini ya shina. Kikishuka kwa siku nzima, shina huziba upya na kujaza tena hakusaidii sana. Zima taa mnapolala.

Mti wa plastiki hauna shida hiyo. Njia inayowafaa wengi ni kuusimamisha mapema na taa tu, kisha mapambo yakaongezwa mkesha.

Tarehe 17 Desemba ina nini?

Kuanzia siku hiyo Majilio yanabadilika mkazo. Masomo ya mwanzo yalihusu kuja kwa Kristo mara ya pili, kisha Yohane Mbatizaji. Sasa yanageukia kuzaliwa Bethlehemu. Katika Masifu ya Jioni kuanzia tarehe 17 hadi 23 husomwa antifona (beti fupi za sala) saba za kale, kila moja ikimwita Kristo kwa jina: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Kusoma moja kila jioni mbele ya taji huchukua chini ya dakika moja. Kwa familia inayotafuta pa kuanzia, hapa ndipo rahisi kuliko popote.

Siku zinazofuata tarehe 25 zinaadhimisha nini?

Siku nane za kwanza, kuanzia tarehe 25 hadi 1 Januari, huitwa Oktava ya Noeli. Kanisa huzihesabu kama siku moja ndefu, na Utukufu huimbwa kila siku.

Tarehe 26 ni ya Stefano, shahidi wa kwanza. Watu hushangaa damu kuja siku moja tu baada ya hori. Soma Matendo ya Mitume sura ya 6: Stefano alikuwa mmoja wa saba waliochaguliwa kuhudumia mezani, ili wajane wasisahauliwe katika mgawo wa kila siku. Kwa hiyo ni siku inayofaa sana kupeleka chakula au nguo kwa mwenye shida. Panga mapema nani atapelekewa nini. Ukingoja asubuhi ya tarehe 26 utapeleka mabaki.

Tarehe 27 ni ya Yohane Mtume na Mwinjili. Soma Yohana 1:1-18 polepole, kwa sauti. Ni Injili ya Misa ya mchana ya Noeli, na wengi waliohudhuria Misa ya usiku tu hawakuisikia.

Tarehe 28 ni ya Watoto Mashahidi, waliouawa kwa amri ya Herode (Mathayo 2:16-18). Siku hii wazazi huwabariki watoto wao: kumwekea mkono kichwani na sala fupi inatosha. Ni siku pia ya kuwakumbuka waliofiwa na watoto, wakiwemo waliopoteza mimba. Usiifanye siku ya vichekesho ikiwa kuna mtu wa namna hiyo nyumbani.

Dominika iliyo ndani ya Oktava ni ya Familia Takatifu. Ikiwa Noeli ni Dominika, sikukuu hii huhamia tarehe 30 Desemba. Mwaka 2026 inaangukia tarehe 27, hivyo sikukuu ya Yohane haiadhimishwi mwaka huo.

Tarehe 31 ni jioni ya shukrani. Makanisa mengi huimba Te Deum, wimbo wa kale wa shukrani. Tarehe 1 Januari ni sherehe ya Maria Mtakatifu Mama wa Mungu na, tangu mwaka 1968, Siku ya Amani Duniani kwa mpango wa Papa Paulo VI. Injili yake ni ya wachungaji na ya Mtoto kutahiriwa na kupewa jina siku ya nane. Waanglikana na Walutheri wengi huadhimisha jina la Yesu siku hiyohiyo.

Tarehe 2 hadi 5 ni tulivu. Ziache hivyo. Zitumie kutembelea watu ambao hukuwafikia.

Epifania ni tarehe 6 au Dominika?

Inategemea nchi. Pale ambapo si sikukuu ya amri (siku ambayo Mkatoliki anawajibika kwenda Misa), huhamishiwa Dominika iliyo kati ya tarehe 2 na 8 Januari. Ikiwa Dominika hiyo ni tarehe 7 au 8, Ubatizo wa Bwana huadhimishwa Jumatatu inayofuata, na waamini wengi hawajui hata kwamba umepita.

Siku ya Epifania nyumba hubarikiwa. Kwa chaki iliyobarikiwa huandikwa juu ya mlango tarakimu za mwaka na herufi tatu, kwa mwaka 2027 hivi: 20 + C + M + B + 27. Herufi hizo husimamia sala ya Kilatini inayomwomba Kristo aibariki nyumba, na watu huzisoma pia kama majina ya Mamajusi yaliyopokelewa katika mapokeo. Biblia haitaji majina yao wala idadi yao. Inataja zawadi tatu. Andika kwenye ubao au fremu, maana chaki kwenye ukuta uliopakwa rangi ya mafuta haishiki vizuri na hufutika kwa mkono wa kwanza unaogusa.

Tarehe 24 ikiwa Dominika, Misa moja inatosha?

Haitoshi. Dominika na Noeli ni amri mbili, kila moja na Misa yake. Jambo hili litatokea mwaka 2028. Unaweza kwenda Jumamosi jioni au Dominika asubuhi kwa ajili ya Dominika ya nne ya Majilio, kisha Dominika jioni, usiku au Jumatatu kwa ajili ya Noeli. Parokia zina kazi ya ziada mwaka huo: kanisa liwe la zambarau asubuhi na la sherehe jioni. Andaeni mapambo pembeni tangu Jumamosi, kwa kuwa mkianza kutafuta ngazi saa nane mchana hamtamaliza.

Nina zamu kazini tarehe 25. Nimekosa Krismasi?

Muuguzi, mlinzi, dereva na mpishi ndio wanaofaidika kuliko wote na kipindi kirefu. Noeli ina Misa nne zenye masomo tofauti: ya mkesha jioni ya tarehe 24, ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Yoyote kati ya hizo inatosha. Ikiwa zamu inafunika zote, wajibu wa kazi isiyoweza kuachwa ni sababu halali ya kukosa.

Kwa nyumbani, chagueni siku ndani ya Oktava ambayo wote wapo na mfanye karamu yote siku hiyo: chakula, zawadi, nyimbo. Msifanye nusu tarehe 25 na nusu baadaye. Aliyekuwa zamu akirudi akakuta zawadi zimefunguliwa, hataionja ile siku ya pili kama sikukuu.

Tumefiwa mwaka huu. Hatuna moyo wa kusherehekea.

Msijilazimishe tarehe 25 iwe kama miaka yote. Kipindi kina siku za kimya na siku zenye machozi ndani yake, kama ile ya tarehe 28. Fanyeni yale ya ibada, punguzeni ya karamu, na mpokee wageni siku mnayoweza nyinyi. Mgeni naye aulize kabla ya kwenda, na abaki muda mfupi.

Kuhusu mazishi yenyewe: Misa ya mazishi hairuhusiwi Dominika za Majilio wala tarehe 25 Desemba, lakini mazishi yanaweza kufanyika kwa liturujia ya Neno. Siku za kawaida za Oktava Misa inaruhusiwa. Zungumzeni na padre kabla ya kutangaza ratiba.

Zawadi zigawanywe vipi?

Bajeti ibaki ileile, igawanywe. Mgawo unaofanya kazi: nusu tarehe 25, robo Epifania kwa kumbukumbu ya Mamajusi, robo kwa wahitaji tarehe 26. Wengine hutoa kitu kidogo tarehe 6 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola. Ukitoa zawadi kila siku kwa siku 12, mtoto wa kawaida huchoka kufikia siku ya nne na kuanza kulalamika. Hilo halina haja ya kujaribiwa.

Na chakula?

Usipike vyote tarehe 25. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na kwenye jokofu kiliwe ndani ya siku tatu au nne. Kwa hiyo karamu ya tarehe 25 inaweza kufika tarehe 28 hivi, kisha mnapika upya tarehe 1 na Epifania. Gawa pesa ya chakula mafungu matatu kabla hujaenda sokoni.

Kwaya na wapamba kanisa wajipange vipi?

Wahesabu maadhimisho kwanza: usiku, alfajiri, mchana, Familia Takatifu, 1 Januari, Epifania, Ubatizo. Saba. Kwaya nyingi humaliza nyimbo zote usiku wa kwanza na Januari 3 zinarudi kwenye nyimbo za kawaida. Nyimbo 10 hadi 12 zikizungushwa vizuri zinatosha, ilimradi zile za nyota na Mamajusi zihifadhiwe kwa ajili ya Epifania. Utukufu mpya ufundishwe Majilio yakianza, hata kama hauimbwi. Kwa kuwa hausikiki Dominika, kwaya huusahau na kukurupuka nao tarehe 23.

Wapamba kanisa watenge nusu ya fedha ya maua kwa ajili ya tarehe 31. Maua ya tarehe 24 hayafiki Epifania hata yakitunzwa vyema: kukata ncha za mashina kwa mshazari sentimita 2, na kubadilisha maji kila baada ya siku mbili. Hori na mapambo havishuki hadi jioni ya Ubatizo wa Bwana.

Kwa nini Waorthodoksi wengine husherehekea tarehe 7 Januari?

Wanaiadhimisha tarehe 25 Desemba ya kalenda ya Juliasi, ambayo iko nyuma kwa siku 13. Kuanzia mwaka 2101 tofauti hiyo itaifanya iwe tarehe 8 Januari. Si Waorthodoksi wote: Wagiriki husherehekea tarehe 25 Desemba ya kalenda ya kawaida, na Kanisa la Kiorthodoksi la Ukraina lilihamia huko mwaka 2023. Waarmenia wa Kanisa la Kitume huadhimisha kuzaliwa na kubatizwa kwa Bwana kwa pamoja, tarehe 6 Januari. Maandalizi ya Kiorthodoksi ni mfungo wa siku 40, mzito kuliko Majilio ya Magharibi.

Kanisa letu halifuati kalenda ya liturujia. Tunaweza kufanya haya?

Ndiyo. Anzeni na masomo: Luka 1 na 2 na Mathayo 1 na 2, zikigawanywa kati ya tarehe 1 Desemba na 6 Januari. Mishumaa na rangi ni hiari.

Leo ni tarehe 29 Desemba na sijafanya lolote. Nimechelewa?

Uko siku ya tano. Weka pango leo, Mtoto akiwa ndani, na Mamajusi wakiwa mbali. Soma Luka 2:1-20 jioni. Tarehe 31 fanyeni sala ya shukrani, tarehe 1 nendeni kanisani, na mwalike mtu Epifania. Taji la Majilio liache hadi mwakani.

Mapambo yashushwe lini na yahifadhiwe vipi?

Baada ya Ubatizo wa Bwana, au tarehe 2 Februari kwa wanaopenda hesabu ndefu. Mti mbichi usingoje: ukianza kupukutika, utoe. Funga kila sanamu peke yake kwa karatasi isiyo na wino, maana wino wa gazeti huhamia kwenye rangi. Zungushia taa kwenye kipande cha boksi ili zisijifunge mafundo. Mishumaa ihifadhiwe ikiwa imelala, mahali pa baridi na giza. Ikisimama kwenye joto hupinda. Mtoto Yesu mweke kwenye kisanduku chake, kikiwa na maandishi makubwa, kwa sababu mwakani atahitajika wa mwisho na ndiye hupotea wa kwanza.